Shajara ya hatua za tai chi: kutoka magotini hadi nyongani

4 Januari: naanza

Nimeamua kujifunza tai chi, sanaa ya Kichina ya mazoezi ya mwendo wa polepole. Naanza na mfululizo wa mikao 24, ule uliotungwa nchini China mwaka 1956 kwa kufupisha mtindo wa Yang ili hata mtu wa kawaida aumudu. Mitindo mingine niliipitia harakaharaka. Wa Chen, wenye asili yake katika kijiji cha Chenjiagou mkoani Henan, una vishindo na mikao ya chini ambayo magoti ya mtu anayeshinda kwenye kiti hayana ubavu nayo. Wa Sun una mguu wa nyuma unaoufuata wa mbele kila unapokwenda, na unanichanganya hata kwa kuutazama tu. Wa Yang una hatua pana, mwendo ni uleule tangu mwanzo hadi mwisho, na makosa hayana pa kujificha. Hilo nalihesabu kuwa faida.

Vifaa: sakafu ya vigae yenye nafasi ya hatua chache, simu ya kujirekodi, raba za kukimbilia. Muda: nusu saa alfajiri kabla nyumba haijaamka. Nitaandika hapa kila hatua inapokamilika, pamoja na ilichonigharimu, ili anayetaka kupita njia hii ajue mashimo yako wapi.

21 Januari: goti la kulia, na mikono inawekwa kando

Nimefika mkao wa nne na goti la kulia linauma upande wa ndani. Si maumivu ya uchovu. Ni kichomi kinachokuja pale tu ninapogeuza mguu, kisha kinatoweka. Dada yangu aliangalia video nilizojirekodi, mikono yote niliyokuwa najivunia hata hakuitazama, akauliza, "Mbona unachechemea?" Nikabisha. Nikairudia video, kweli: mguu wa kulia ulikuwa unakwepa mzigo.

Nilipoitazama kwa mwendo wa polepole, chanzo kikaonekana. Katika mkao wa kugawa manyoya ya farasi mwitu, kabla ya hatua inayofuata, mguu wa mbele hugeuzwa nje kama nyuzi 45. Mimi nilikuwa naugeuza huku uzito wote uko juu yake, goti limekunjwa, na soli ya raba imeng'ang'ania kigae. Goti ni kiungo cha kukunja na kukunjua. Likikunjwa linapata nafasi kidogo tu ya kuzunguka, na ukilizungusha likiwa na mzigo, gegedu zilizo kati ya mifupa ndizo zinazosagwa. Kiwiliwili kiligeuka, unyayo ukagoma, na goti likalipa tofauti.

Dawa ina sehemu mbili. Kwanza, rudisha uzito mguu wa nyuma, inua vidole vya mguu wa mbele, geuza kiuno, uache mguu ugeuke pamoja nacho, ndipo uzito urudi mbele. Wapo walimu wa mtindo wa Yang wanaogeuza juu ya kisigino chenye uzito, na wanajua wanachofanya. Kwa anayeanza sishauri. Pili, raba zimestaafu. Nimenunua viatu vya soli nyembamba na bapa, na kukiwa na joto nafanya pekupeku.

Gharama: viatu, goti kupumzishwa hadi mwanzo wa Februari, na mikao minne ambayo sasa lazima niifute kichwani. Mikono nimeishika kiunoni. Haitoki hapo mpaka miguu ijue inachofanya.

11 Februari: kusimama tu

Goti limetulia. Nasimama: miguu upana wa mabega, magoti yamelegea, mikono imening'inia, dakika tano, baadaye kumi. Hakuna la kusimulia isipokuwa kosa moja.

Video nyingi husema "vuta mkia ndani", yaani ncha ya chini ya uti wa mgongo ielekee sakafuni. Nikauvuta kwelikweli. Makalio yakabana, nyonga zikasukumwa mbele, na muda si muda mapaja yanawaka moto huku nyonga hazigeuki kulia wala kushoto. Makalio yakishabana, kiungo cha nyonga hakina tena nafasi ya kuzunguka, na kiungo hicho ndicho tunachokitaka huru kuliko vingine vyote. Kilichosaidia ni kuacha kuvuta na badala yake kufanya kama nataka kukalia kigoda kirefu, nikaishia njiani. Mkia ukashuka wenyewe. Ukitaka kujua kama umezidisha, bonyeza makalio kwa vidole. Yakiwa magumu, umezidisha.

8 Machi: mizani mbili

Kuhusu miguu, jambo linalosisitizwa kuliko yote ni kutenganisha mguu uliojaa na mguu mtupu. Limo katika kanuni kumi za Yang Chengfu (1883–1936), ambaye ndiye aliyeupa mtindo wa Yang sura yake pana ya leo. Uzito ukigawanyika kwenye miguu yote miwili bila kuamua uko wapi, huwezi kuinua mguu bila kujirusha. Nilidhani nimelielewa. Nikataka kulipima.

Jaribio la kwanza lilikufa mapema: mizani ya kidijitali huganda kwenye namba ya kwanza kisha hujizima. Tafuta ile ya mshale. Moja nilikuwa nayo, ya pili nikaazima kwa jirani. Nikaziweka sambamba, nikapanda, kila mguu na mizani yake. Nina kilo 72.

Kusimama kawaida: kushoto 40, kulia 32, na mimi naapa niko katikati. Nikahamishia uzito kushoto mpaka moyo ukasema mguu wa kulia sasa ni mtupu. Mizani ya kulia ikasoma 14. Hapo sikushtuka sana, kwa kuwa mguu mzima peke yake ni kama asilimia 16 ya uzito wa mwili, na mguu uliolegea juu ya mizani lazima uonyeshe kitu. Kilichonishtua ni mshale nilipoinua mguu. Badala ya kushuka kutoka 14 hadi sifuri, uliruka kwanza ukapita 30, ndipo ukaanguka. Upande wa pili, vilevile.

Yaani nilikuwa najisukuma kwa mguu uleule ninaotaka kuuinua. Ndivyo tunavyotembea siku zote: wa nyuma unasukuma, mwili unaanguka mbele, wa mbele unaudaka. Njiani hakuna ubaya wowote. Lakini hatua ya tai chi inatakiwa iweze kusimama popote katikati, hata kurudi ilikotoka, na mwili ulioshaanguka haurudi.

Nilijaribu kwenda polepole zaidi. Mshale ukaruka polepole zaidi. Nilijaribu kukunja zaidi goti la mguu wa kusimamia, paja likatetemeka, mshale ukapungua kidogo tu. Nikajaribu kuegemea upande wa mguu wa kusimamia, na hapo mshale ulitulia kabisa, ila kwenye video nimepinda kama mnazi wa pwani. Huo si ufumbuzi.

Nyongeza, 22 Machi. Kilichofanya kazi ni kutanguliza kitovu. Kabla mguu haujafikiria kuondoka, kitovu kinakuja juu ya unyayo wa mguu wa kusimamia, kichwa kikiwa wima. Kisha nasubiri, pumzi moja. Halafu upande huohuo wa kusimamia unakaa chini kidogo, mkunjo ulio kati ya paja na tumbo ukizidi kukunjika. Mguu wa pili unakuwa mwepesi bila kuambiwa. Mshale sasa unasoma 14, 9, 4, sifuri, kwa mpangilio huo. Nikiwa na haraka unaruka tena, kwa hiyo mizani zimebaki pale chumbani na mwenye yake ya kuazimwa ameshaacha kuiulizia.

29 Machi: karatasi

Kuinua kumeeleweka, sasa kutua. Katika kwenda mbele, kisigino hugusa kwanza bila uzito, kisha unyayo unalala, ndipo uzito unakuja. Kipimo ni karatasi moja sakafuni mahali kisigino kitakapotua, na mtu wa kuivuta mara kinapogusa. Karatasi ikitoka, hatua ilikuwa tupu. Ikinasa au ikichanika, uzito ulitangulia.

Mwanangu alijitolea kuivuta na akaifurahia kazi hiyo kupita kiasi. "Mama, umeshindwa!" Karatasi iliyochanika, nyingine, nyingine tena.

Kosa lilikuwa kwenye alama. Nilikuwa nimebandika selotepu sakafuni kuonyesha urefu wa hatua, nikauchukua urefu huo kwenye video ya bingwa mmoja mwenye miguu mirefu anayekunja magoti na kukaa chini sana. Kuifikia ile alama ilinibidi nianguke. Urefu wa hatua hauamuliwi na sakafu, unaamuliwa na kina cha mkunjo wa mguu uliosimama. Kaa kadiri unavyoweza kukaa bila kutetemeka, nyoosha mguu mtupu, na pale kisigino kinapogusa chenyewe ndipo hatua yako inapoishia. Yangu ilikuwa fupi kuliko alama kwa karibu unyayo mzima. Nikang'oa selotepu. Siku hiyohiyo karatasi ikaanza kutoka.

Wu Yuxiang, mmoja wa walioandika juu ya sanaa hii katika karne ya 19, aliagiza hatua iwe ya paka. Nimemtazama paka wa jirani: ananyoosha mguu, anaugusisha, na akisikia kitu anaurudisha kana kwamba hakuwahi kuutoa. Mgongo hata haukujua.

26 Aprili: vidole kwenye mkunjo

Nimeanza kwenda kwa mwalimu mara moja kwa wiki. Ni mama wa makamo asiye na maneno mengi. Alinitazama nikitembea ile hatua yangu niliyoipima kwa mizani na karatasi, akaja, akaweka kiganja pembeni ya nyonga yangu katikati ya hatua, akasukuma kwa nguvu ya kufungulia mlango. Nikayumba mpaka ukutani.

"Mguu wako unatangulia, wewe unaufuata," akasema. "Rudia."

"Nifanyeje, Mwalimu?"

"Weka vidole hapa."

Hapa ni ule mkunjo wa kinena, paja linapokutana na tumbo, kulia na kushoto. Wachina wanaliita eneo hilo kua, na mwalimu analitaja kuliko anavyotaja miguu. Nikaweka ncha za vidole kila upande, nikaambiwa nigeuke kulia. Mwili ukiwa unageuka kutoka nyongani, mkunjo wa kulia unameza vidole na wa kushoto unafunguka. Vyangu havikumezwa wala kuachiwa. Nilikuwa nageuza mabega.

Nyumbani nilihakikisha kwa fimbo ya ufagio. Nikiishika mbele ya mifupa miwili inayojitokeza ya nyonga, inageuka kidogo sana. Nikiiweka mabegani, inakwenda nyuzi 45 na zaidi. Ule mzunguko wote niliokuwa nauita wa kiuno ulikuwa unafanyika kifuani, na miguu ilikuwa haijapata habari.

Wiki tatu hizi nimefanya jambo moja: nimesimama, vidole kwenye mikunjo, nageuka. Hapo ndipo maana ya mguu kuongozwa na katikati ya mwili ilipoacha kuwa maneno. Kuna msuli uitwao soasi. Unaanzia kwenye pingili za kiunoni, unapita ndani ya fupanyonga, unajishika upande wa ndani wa mfupa wa paja. Unaunganisha uti wa mgongo na mguu moja kwa moja, bila kupitia goti. Uzito ukikaa kulia na fupanyonga likageuka kulia juu ya mfupa wa paja wa kulia, mguu wa kushoto unabebwa. Paja linatangulia, goti linalifuata, unyayo unaning'inia na kuja mwisho. Mpangilio ukigeuka, unyayo ukatangulia, ujue umeurusha.

Kosa jipya lilitokana na kuelewa kupita kiasi. Baada ya kusoma habari za soasi nikaanza kuinua mguu kwa tumbo, kwa makusudi, nikihisi mtaalamu. Nikabandika vipande viwili vya selotepu nyekundu kwenye suruali, kila kimoja juu ya mfupa wa nyonga, nikarekodi kwa mbele. Kila nilipoinua mguu wa kushoto, kipande cha kushoto kilipanda juu ya mwenzake. Nilikuwa nainua nyonga nzima. Mwalimu alipoona video akacheka, akanirekebisha kwa kuugusa upande wa pili, ule uliosimama, akaubonyeza chini. Shughuli yote iko huko. Mguu mtupu hauinuliwi, upande wa pili ndio unaoshuka. Vipande vya selotepu vikabaki usawa mmoja siku hiyo, na siku iliyofuata vikapinda tena, na hivyo mpaka leo.

17 Mei: tumbo gumu

Fupi, lakini lilinipotezea muda. Kwa kuwa kila kitu kinasemekana kutoka katikati ya mwili, nilikuwa nakaza tumbo kama anayesubiri ngumi. Pumzi ikapanda kifuani, mabega nayo, na hatua ikawa ya roboti. Mshale wa mizani ukarudia ujinga wake.

Msuli unaohitajika ni ule wa ndani unaozunguka tumbo la chini kama mkanda, nao hauhitaji nguvu kubwa. Kohoa kidogo huku vidole viko chini ya kitovu, utausikia ukijikaza. Chukua sehemu ndogo ya mkazo huo, achia mwingine wote, na uhakikishe pumzi inafika chini na kiganja kinasukumwa nje. Kama huwezi kuzungumza sentensi nzima ukiwa katikati ya hatua, umekaza. Nilifanya mazoezi nikisoma kwa sauti orodha ya nguo za kufua. Nyumbani walishazoea.

14 Juni: reli mbili, na goti la kushoto

Goti la kushoto nalo. Safari hii sikungoja, nikaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia na video mkononi.

Aliniambia nisimame kwa mguu wa kushoto mbele ya kioo. Upande wa kulia wa fupanyonga ukashuka, na goti la kushoto likaingia ndani. Msuli wa pembeni ya kalio, ambao kazi yake ni kulishika fupanyonga lisianguke tunaposimama kwa mguu mmoja, ulikuwa dhaifu upande huo. Goti lilikuwa linalipa deni la nyonga. Akanipa kazi ya kuinua mguu kando nikiwa nimelala ubavu, na ya kusimama juu ya ngazi moja nikishusha na kupandisha upande wa pili wa nyonga, goti likiwa limenyooka. Zinachosha kwa namna ya aibu.

Nilimuuliza kama niache tai chi. Akasema nisiache, nipunguze kina. Ana sababu: mwaka 2016 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha utafiti wa watu 204 wenye magoti yaliyochakaa gegedu, na waliofanya tai chi kwa wiki 12 walipata nafuu sawa na waliofanyiwa fiziotherapia ya kawaida. Lakini wale walikuwa na walimu juu yao, alisisitiza, hawakuwa wanaiga video.

Nusu ya pili ya tatizo niliigundua sakafuni. Nilikuwa naweka kisigino cha mbele kwenye mstari mmoja na kisigino cha nyuma. Msingi unakuwa mwembamba, mwili unajizuia usianguke kwa kupindisha goti, na kiuno hakiwezi kugeuka kukabili mbele kwa sababu nyonga ya nyuma imefungwa. Katika mkao wa upinde wa Yang, visigino huachana kwa upana, takriban ule wa mabega, unyayo wa mbele ukielekea mbele na wa nyuma ukiwa nyuzi 45 hivi. Nikabandika selotepu upya, safari hii mistari miwili mirefu, kila mguu ukae kwenye mstari wake bila kuuvuka.

Na goti la mbele? Lielekee kidole cha pili cha mguu, lisipite ncha za vidole. Asilimia 70 ya uzito mbele inatosha. Kwangu hiyo ni kilo 50 na kitu, na nilipopima mara ya kwanza nilikuwa napeleka zaidi ya 60.

Gharama: wiki nyingi za mikao ya juujuu tu, na sifa mbele ya wanafunzi wenzangu, ambao wengine wana miaka sabini na wanakaa chini kuliko mimi.

12 Julai: kurudi nyuma

Nilikuwa naiogopa sehemu hii, ikatokea kuwa nyepesi kuliko zote. Unaporudi nyuma, vidole hugusa kwanza, kisha unyayo unalala kuelekea kisiginoni, kisha unakaa. Kujirusha hakuna, kwa kuwa mwili wenyewe unaogopa kuanguka kusikoonekana. Kila nilichohangaikia kwenye mizani kilikuja bure.

Shida ilikuwa makalio kutangulia. Mwili unainama mbele ili mguu ufike mbali nyuma, na hapo mkunjo wa nyonga unakunjika kwa kuinama badala ya kukaa. Nikarudi kwenye kanuni ya karatasi: punguza urefu. Pia mguu usirudi moja kwa moja nyuma ya mwenzake, ufuate mstari wake mwenyewe.

Jambo muhimu lililotokana na hili: nilichukua video zangu za kwenda mbele nikazicheza kinyumenyume. Hatua iliyo sahihi ikichezwa kinyume inaonekana kama hatua halali ya kurudi. Iliyokosewa inaonekana kichekesho, mwili unaruka kutoka mguu wa mbele kama umechomwa. Tangu hapo situmii kipimo kingine kwanza. Hata mizani naipanda baada ya hicho.

2 Agosti: kando

Hatua za kando za mkao uitwao mikono ya mawingu: nyayo sambamba, ncha ya ndani ya mguu hugusa kwanza, kitovu kinasafiri kutoka mguu hadi mguu kwa usawa mmoja. Nilifunga uzi mlangoni kwenye kimo cha kichwa changu nikiwa nimekaa, nikapita chini yake. Nywele zikigusa, nimepanda. Nilipanda kila miguu ilipokutana, kwa sababu nilikuwa nanyoosha goti ili mguu wa pili upate nafasi ya kuingia. Jibu ni lile la Aprili: upande uliosimama ukae, mguu utaingia.

6 Septemba: mikono inarudi

Nikaachia mikono kutoka kiunoni na kila kitu kikavunjika. Mshale ukaruka, vipande vya selotepu vikapinda, kichwa kikagusa uzi. Mwalimu alikuwa amenionya: macho yanafuata mikono, mabega yanafuata macho, na kiuno kinasahaulika.

Nilichojaribu kwanza, mkono mmoja mmoja, hakikusaidia. Kilichosaidia ni kuiacha mikono ining'inie bila umbo lolote, nikageuza nyonga, nikaitazama inakokwenda. Kiuno kikigeuka, mkono uliolegea unasafiri wenyewe kiasi fulani. Kile kiasi nikakiacha kama kilivyo, nikaongeza kidogo tu mwishoni ili ufike mahali pake. Kwa njia hiyo mikao mitatu ya mwanzo imerudi, ikiwa na miondoko michache ya mikono kuliko ile ya Januari na bila kichomi.

Kisichotatuliwa ni mkao wa mjeledi mmoja. Pale mguu wa kulia unageuka ndani, na nyonga yangu ya kulia haifiki pembe inayotakiwa, kwa hiyo goti linaombwa limalizie. Silikubalii. Nageuza kwa vipande viwili: natoa uzito, nageuza kiasi nyonga inachoruhusu, naweka uzito, natoa tena, namalizia. Mwalimu anasema ni halali na kwamba atanikumbusha nitakapoweza kwa kimoja. Mguu wa kushoto bado hausimami bila fupanyonga kuyumba nikifika dakika ya pili. Mazoezi ya ngazi yanaendelea kila jioni, na mkao wa nyoka kushuka chini hautaingia kwenye ratiba mpaka kioo kionyeshe usawa pande zote mbili. Mizani ya jirani nimeirudisha.